Dawa ya Mulele na Wasifu wa Mzee

Mwaka 1964, waasi wa Gaston Soumialot walipoishika Uvira, mashariki mwa Kongo, wapiganaji walinyunyiziwa dawa kabla ya vita. Masharti yalikuwa wazi: usimguse mwanamke, usigeuke nyuma, taja jina la Mulele, kiongozi mwenzake wa uasi, na risasi itakuwa maji. Aliyeanguka, basi alikuwa amevunja mwiko. Hakuna maiti iliyoweza kuishinda dawa hiyo, kwa sababu kila maiti iligeuzwa kuwa shahidi wake.

Dawa hiyo hunijia akilini kila nisomapo wasifu wa Laurent-Désiré Kabila, muasi aliyekuja kuwa rais wa Kongo, ambaye wafuasi wake humwita Mzee.

Tumezoea kudhani kuwa hekaya hujulikana kwa maajabu yake, na ukweli kwa ukavu wake. Mimi naona tofauti iko kwingine. Kauli ya kweli ni ile iliyokubali uwezekano wa kuumbuka, hekaya haiumbuki. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya hekaya ni ndefu: ukiikatia mbele, inachepuka.

"Mzee alipigana msituni miaka thelathini." Jaribu kuihoji kauli hii. Che Guevara, aliyevuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma Aprili 1965 na kukaa upande wetu wa Kongo hadi Novemba, aliandika kwamba Kabila alifika kwa wapiganaji siku chache tu mwezi wa Julai. Utajibiwa: alikuwa akitafuta silaha. Alikuwa Dar es Salaam? Huo ndio mkakati wenyewe. Hakuonekana popote? Mtu wa msituni haonekani. Ni dawa ile ile.

Lakini mkaguzi naye asiabudu karatasi. Che, ambaye huku aliitwa Tatu, alikuwa mtu aliyechoka kungoja. Daftari lake ni shahidi mwenye kinyongo. Tena yapo yanayoitetea hekaya. Chama cha Kabila, PRP, kiliundwa mwaka 1967 na kuweka ngome katika milima ya Fizi. Mei 1975 wapiganaji wake walivuka ziwa usiku hadi Gombe, kwenye kituo cha Jane Goodall cha kuchunguza sokwe mtu, wakateka watu wanne. Ngome ilikuwapo, hilo halina ubishi. Ila "ngome ilikuwapo" na "Mzee alikuwamo" ni kauli mbili, na hekaya huishi kwa kuzishona kwa uzi mmoja.

Kuna kauli nyingine: kwamba mkataba wa kuunda AFDL, vuguvugu lililomfikisha Kabila madarakani, ulitiwa saini Lemera, juu ya bonde la Ruzizi, tarehe 18 Oktoba 1996. Wapo wanaosema ulitiwa saini Kigali, na Lemera iliandikwa ili vuguvugu lionekane limezaliwa kwenye udongo wa nyumbani. Ajabu ni kwamba naiheshimu kauli hii ya Lemera kuliko ile ya miaka thelathini, hata kama ni ya uongo. Ina siku, ina mahali. Inaweza kushikwa.

Na ukiishika Lemera kwa tarehe, unakuta tarehe ya pili, ambayo wanaomsifu Mzee hawaitaji. Siku 12 kabla ya saini hizo, tarehe 6 Oktoba 1996, wagonjwa na wauguzi waliuawa katika hospitali ya Lemera.