Je, Mkimbizi Hana Siri?

 

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye mstari wa maji, bidoni yangu ikingoja zamu. Akina mama wawili waligombana, kwa sababu mmoja alisema mbele ya watu ni pesa ngapi mwenzake alipokea kwa simu kutoka kwa mtoto wake aliye Kampala. Yule aliyesemwa alilia, akasema, "Hayo ni mambo yangu!" Papa mmoja mzee akacheka, akamjibu, "Mambo yako? Mkimbizi hana siri, mama. Siri tuliiacha mpakani." Watu wengi walicheka pamoja naye. Hata mimi nilitabasamu. Lakini usiku neno lile lilininyima usingizi, na sababu yake nitawaambia mbele, kwa maana inanihusu mimi mwenyewe.

Leo naomba tulipime neno hilo. Je, ni kweli? Na kama si kweli, ni nani anayetunyang'anya siri zetu: ofisi, serikali, au sisi kwa sisi?

KUHESABIWA

Yule mzee hakusema ovyo. Nyumba zetu ni za udongo na shitingi. Jirani akikohoa, unamwambia pole ukiwa kitandani kwako. Tangu siku ya kwanza tunaulizwa jina, jina la baba, kijiji, kabila, tulikimbia nini, nani alikufa, nani aliua. Mwaka 2018 serikali ya Uganda pamoja na UNHCR walihakiki wakimbizi wa nchi nzima. Tulipanga mstari, tukatoa vidole vyote kumi, tukafungua macho mbele ya mashine ipigayo picha ya mboni. Kabla ya hapo orodha zilitaja wakimbizi kama milioni 1.4, baada ya kuhakiki walipatikana kama milioni 1.1.

Wako ndugu walioogopa, wakasema hiyo ndiyo alama ya mnyama ya Ufunuo 13. Niliwajibu wakati ule, na leo nasema vilevile: alama ile inahusu kuabudu, na kutoa kidole ili upate unga si kuabudu. Yosefu na Mariamu walikwenda Bethlehemu kuandikwa, wala hawakutenda dhambi. Tena ilikuwako sababu ya haki, kwa maana aliyejiandikisha mara mbili alikuwa anakula sahani ya mwenzake.

Basi kuhesabiwa si kubaya. Kosa ni kutoka hapo na kusema: kwa kuwa nimetoa vidole ofisini, kila mtu ana haki ya kujua kila kitu changu. Hilo halifuati. Ukimwonyesha daktari kidonda chako, hujakionyesha kwa soko zima.

Hata sheria inajua tofauti hiyo. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 27, inalinda siri ya mtu, nyumba yake na mawasiliano yake. Nayo inasema mtu, haisemi raia peke yake. Iko pia sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu. Anayechukua habari zako anapaswa kukuambia anazichukua kwa kazi gani, na ukiona zimeandikwa vibaya unaweza kuomba zirekebishwe. Kwa hiyo, ndugu, kuuliza kwa heshima "Haya mnayaandika kwa ajili ya nini?" si ukaidi.

"ASIYE NA KOSA HAOGOPI"

Wako wanaosema: kama huna kosa, unaficha nini? Neno hili linasikika kama neno la haki. Lakini sisi watu wa Maziwa Makuu hatupaswi kulisema kwa wepesi.

Katika miaka ya 1930, utawala wa Wabelgiji uliandika kabila katika kitambulisho cha mtu nchini Rwanda. Pengine karani aliyeandika alidhani anafanya kazi yake tu. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabara, neno lile moja lilitosha kumpeleka Mtutsi kwenye kifo. Waliouawa hawakuwa na kosa la kuficha. Habari ile haikubadilika tangu ilipoandikwa. Walioishika ndio waliobadilika. Basi unapotoa habari ya mtu, usiulize tu, "Je, anayesikia leo ni mwema?" Uliza pia, "Kesho itakuwa mkononi mwa nani?"

Esta hakutaja kabila lake alipoingia katika nyumba ya mfalme, na Biblia haimlaumu. Anayenyamaza si lazima awe mwovu. Mara nyingi ni mtu anayetaka watoto wake walale salama.

SIASA

Mimi nilizaliwa Zaire. Chama kilikuwa kimoja, MPR, na kila Mzaire alihesabiwa mwanachama kwa kuzaliwa. Papa wangu alisikiliza redio za ng'ambo usiku, redio ikiwa chini ya blanketi, sauti ndogo kama ya mbu. Mwezi wa Aprili 1990, Mobutu alipotangaza kwamba vyama vingi vitaruhusiwa, nilimwona papa anaitoa redio nje, anaiweka juu ya kiti uani. Hakusema neno. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi, lakini siku ile nilielewa kwamba tulikuwa tunaishi kwa hofu, maana sikuwa nimejua kwamba redio inaweza kukaa uani.

Leo redio imekuwa simu. Goma ilipotekwa na M23 mwezi wa Januari 2025, na Bukavu mwezi wa Februari, vijana wetu walikesha wakisikiliza sauti za WhatsApp. Asubuhi wakaanza kuulizana: wewe uko upande gani? Wakaangalia jina la mtu, na lugha ya mama yake. Kijana mmoja aliyenyamaza aliitwa msaliti. Mwingine alisema maneno ya hasira, na sauti yake ikarekodiwa, ikatumwa kikundi hadi kikundi, mpaka ikafika kule walikobaki wazazi wake. Yeye yuko hapa salama. Je, wao?

Najua tuko wageni. Mkataba wa OAU wa mwaka 1969 unamkataza mkimbizi kufanya hila za kupindua nchi mwanachama, na Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatukataza kushiriki shughuli za siasa humu nchini. Mimi naona ni halali: mgeni hagawanyi nyumba ya mwenyeji wake. Lakini sheria hizo zinagusa matendo. Hakuna hata moja inayomlazimisha mtu kutangaza anachowaza moyoni. Ikiwa serikali haikuulizi uko upande gani, jirani amepata wapi mamlaka ya kukuuliza huku ameshika fimbo?

Bwana Yesu mwenyewe, Herode alipomwuliza maneno mengi, hakumjibu (Luka 23:9). Mtu huru anaweza kusema; anaweza pia kukaa kimya bila kuadhibiwa. Lakini nisieleweke vibaya. Jirani akipigwa mbele yako kwa sababu ya lugha yake, kunyamaza kwako si siri tena, ni woga.

KOSA LANGU

Sasa nifike pale panaponiuma. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alikuja nyumbani kwangu usiku, mke wangu akiwapo. Alitueleza jambo lililompata njiani alipokuwa anakimbia, jambo ambalo hakuwa amemweleza hata mumewe. Tulilia pamoja, tukaomba.

Siku ya Ijumaa, katika maombi ya mkesha, niliomba kanisa limkumbuke "mama mmoja wa kijiji hiki, mwenye watoto watatu, aliyeteseka njiani." Nikaongeza na aina ya mateso, ili watu waombe kwa bidii. Jina sikulitaja, nami nikajiona mwenye hekima. Lakini katika kijiji chetu mama mwenye watoto watatu aliyefika mwaka ule alikuwa mmoja. Kabla ya Jumapili mumewe alikuwa amesikia. Akahama nyumba. Yule mama akaacha kuja bombani mchana. Alikuwa anateka maji gizani, peke yake.

Nilikwenda kumwomba msamaha. Nilianza kueleza kwamba nia yangu ilikuwa njema. Akanikatiza kwa upole, akasema, "Mchungaji, ofisini walichukua vidole vyangu, wakanipa kadi. Wewe ulichukua neno langu. Ulinipa nini?" Sikuwa na jibu. Baadaye alihamia kwingine na watoto. Mume wake hakurudi. Kwa idhini yake nimeandika habari hii, naye ndiye aliyeniambia ni mambo gani niyaache.

Kwa hiyo niliposikia yule mzee akisema siri tuliiacha mpakani, moyo wangu ulinijibu: hapana, huyu mama alivuka mpaka akiwa na siri yake mzima. Ilipotea mikononi mwa mchungaji, ndani ya maombi. Ofisi zina makosa yao, na mengine tumeyaona. Lakini mimi sikulazimishwa na ofisi.

JE, KILA SIRI ILINDWE?

Mtu atauliza: mchungaji, je, anayempiga mke wake hasemi "hayo ni mambo ya nyumba yangu"? Anayemharibu mtoto hasemi vivyo hivyo? Ni kweli, na swali hili ni zito. Jibu langu ni hili: siri ya aliyeumizwa ni mali yake, yeye ndiye mwenye kuitoa au kuitunza. Siri ya anayeumiza haiwi ngao yake. Mtoto akiwa hatarini, sema. Lakini sema kwa anayeweza kumwokoa, usiseme kwa mstari wa maji. Mathayo 18 inatufundisha kuanza wawili peke yetu, kisha mashahidi wachache, na kanisa mwishoni. Wengi wetu tunaanza na kanisa, na mwenyewe anasikia mwisho.

Mnakumbuka habari za Nuhu alipolewa akalala uchi hemani (Mwanzo 9). Hamu aliona, akatoka akawaambia wengine nje. Alichosema kilikuwa kweli kabisa. Shemu na Yafethi walichukua nguo, wakaenda kinyumenyume, wakamfunika baba yao bila kumtazama. Ukweli wa jambo hautoshi kukupa ruhusa ya kulitangaza. Wale wawili nao hawakusema uongo, wala hawakusema baba hakulewa. Walimfunika.

TULIYOKUBALIANA

Wazee wa kanisa wamekubali mambo matatu, nami nawaomba mtusaidie kuyashika. Kwanza, hakuna ombi la mtu litakalosomwa mbele ya kanisa bila yeye kukubali, hata kama jina halitajwi. Pili, ushuhuda hautarekodiwa kwa simu bila ruhusa ya anayeushuhudia. Tatu, katika uwanja wa kanisa hakuna atakayelazimishwa kusema kabila lake au upande wake katika vita ya kwetu. Nami mkinisikia navunja lolote katika hayo, nionyeni. Mwanzeni tukiwa wawili peke yetu.

Tumeacha mashamba, ng'ombe, makaburi ya wazazi. Heshima ya kusema "hili ni langu, nitalisema nikipenda" inaweza kubaki, kama jirani ataacha kuiomba na mimi nitaacha kuigawa. Yule mama wa bombani alikuwa na haki. Wiki iliyopita nilimtafuta nikamwambia hivyo, na kwamba nilitabasamu wakati alipolia. Akaniambia, "Nilikuona, mchungaji."

Neema ya Bwana iwe nanyi.

Ni mimi mtumishi wenu,
Mchungaji