Kutu Iliyo Chini ya Mpira

Masomo: Ezekieli 13:10-16, Luka 19:1-10



Wengi wetu twaifahamu pikapu ya Peugeot 404. Gari la aina hiyo lilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960, na barabara za Afrika Mashariki zililijua mapema. Lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, katika tope, vumbi na mawe. Pikapu zake zilibeba kahawa, mbuzi, saruji, maharusi na majeneza. Hata leo zipo ambazo wenyewe wanazitunza kwa upendo.

Basi, gari lililoshinda milima na mabonde huuawa na nini? Mara nyingi ni kutu. Na mlango mmoja wa kutu hiyo ni mpira mweusi uzungukao kioo cha mbele na kile kioo cha nyuma ya viti. Kazi ya mpira huo ni kushika kioo na kuzuia maji. Ukipigwa na jua miaka mingi hukakamaa, husinyaa, hupasuka penye pembe. Mvua ikinyesha, maji hupenya polepole, hukaa kati ya mpira na bati, kisha hushuka nyuma ya deshibodi mpaka sakafuni. Dereva huona unyevu miguuni na kusikia harufu ya uvundo. Kumbe chini ya mpira bati linaliwa.

Yuko mwenye gari atafutaye njia fupi. Hununua silikoni, akaipaka juu ya mpira ule ule mkuukuu. Kwa nje pamependeza. Lakini maji yakipata ufa mwingine wa kuingilia, hayana tena pa kutokea. Kutu huendelea kula gizani, na siku ya matengenezo ya kweli kazi imekuwa mara mbili.

Ndivyo Ezekieli alivyowakemea manabii wa siku zake. Watu walijenga ukuta dhaifu, nao manabii, badala ya kusema kweli, wakaupaka chokaa na kutangaza amani isiyokuwapo. Bwana akaonya kwamba mvua kubwa itakuja, na mawe ya barafu, na dhoruba. Ukuta utaanguka, na msingi wake utaonekana wazi.

Wapenzi, tuulizane: je, sisi hatupaki chokaa? Tuchukue mfano. Mume amefariki. Shemeji anachukua kipande cha shamba alichokuwa akilima mjane. Ugomvi unafika kwa wazee wa kanisa. Wazee wanawaita wote wawili, wanasoma Neno juu ya kusameheana, wanawaambia, "Yaishe." Wanapeana mikono, wanaomba, wanakunywa chai. Jumapili wote wawili wanapiga magoti kwenye reli moja kupokea Meza ya Bwana. Lakini shamba liko kwa shemeji, na watoto wa mjane wanalala njaa.

Hapo twasema amani imerudi. La! Tumepaka silikoni juu ya ufa. Wahenga walisema, funika kombe mwanaharamu apite. Lakini Mungu hapiti akaenda zake. Yeye huona chini ya kombe. Na mjane akinung'unika, twamwambia hana moyo wa kusamehe, twamwongezea mzigo wa dhambi asiyoitenda.

Tazameni fundi mwema afanyavyo. Kwanza hukata mpira wa zamani na kukitoa kioo, ingawa gari linabaki wazi na lachukiza macho. Kisha hukwangua kutu kwa brashi ya waya na msasa mpaka bati safi lionekane. Palipotoboka hukata na kuchomelea bati jipya. Hupaka rangi ya kuzuia kutu, akangoja ikauke. Ndipo huleta mpira mpya. Mpira mpya ukivishwa juu ya kutu, utakuwa mpya juu tu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa nyumbani kwa Zakayo. Bwana Yesu aliingia kwake kwa neema, kabla Zakayo hajalipa hata senti moja. Lakini neema ile ilipoingia, haikuiacha kutu mahali pake. Zakayo alisimama, akaahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Ndipo Bwana akatangaza kwamba wokovu umefika katika nyumba ile.

Tena tuangalie jinsi kioo kinavyorudishwa. Mpira huvishwa kwanza kwenye kioo. Kamba nyembamba huzungushwa ndani ya mfereji wa mpira, na fremu hupakwa maji ya sabuni. Mmoja husimama nje akisukuma kioo kwa viganja, na mwingine hukaa ndani akiivuta kamba polepole, mpaka ukingo wa mpira uvuke bati pande zote. Akivuta wa ndani peke yake, kioo hakikai. Upatanisho nao ni hivyo: aliyeonewa hawezi kuvuta peke yake, huku aliyeonea amekunja mikono.

Basi, sisi wazee tuitwapo kusuluhisha, tusianze kwa kuuliza, "Mmesameheana?" Tuanze kwa kuuliza, "Shamba liko kwa nani?" Tukumbuke pia maungamo ya Sala ya Asubuhi: hutaja tuliyoyaacha kabla ya kutaja tuliyoyatenda. Na kila aliye na kitu cha mwenzake, iwe ardhi, iwe fedha, iwe jina jema alilolichafua, akirudishe kabla ya Ushirika Mtakatifu ujao. Ni heri gari likae wazi siku chache kwa fundi kuliko kuoza likiwa limepakwa rangi.

Mungu atupe ujasiri wa kukwangua, na neema ya kuanza upya. Amina.