Jina Halibadili Hukumu

Ndugu zangu Waislamu, Waingereza wana neno moja, "interest", lenye maana nyingi: mara ni hamu, mara ni maslahi, mara ni fungu la mtu katika mali, na mara ni ziada atozwayo mwenye kukopa. Hii ya mwisho ndiyo riba, iliyoharimishwa katika Suratul-Baqara, aya ya 275, papo hapo biashara ilipohalalishwa. Vijana wetu hutia sahihi karatasi ya mkopo wakisema, "Ni faida tu." Faida ya nani? Mfanyabiashara hukubali faida na hasara. Mla riba hudai ziada yake hata mkopaji akifilisika. Basi tumche Mwenyezi Mungu, na tukopeshane karadha njema. Wabillahi taufiki.