Mwandishi na Zama Zake: Mhariri wa Mbuga za Dakota

Je, mwandishi anaweza kuondolewa lawama kwa hoja kwamba aliyoyaandika yalikuwa mawazo ya jamii yake? Swali hili, ambalo ni la kale katika uhakiki, linapata uzito wa pekee linapoelekezwa kwa magazeti madogo ya walowezi katika mbuga za Marekani mwishoni mwa karne ya kumi na tisa.

Gazeti la mbugani halikuwa kioo tu cha jamii. Sheria ya Makazi ya mwaka 1862 ilimruhusu mlowezi kujipatia ekari 160 baada ya kuishi na kulima humo kwa miaka mitano. Tangu mwaka 1879, alilazimika pia kutangaza gazetini kusudio lake la kuthibitisha dai lake. Ada za matangazo hayo ziliwapa wahariri wengi riziki. Aidha, wahariri waliisifu miji yao ili kuwavutia wahamiaji. Gazeti, basi, lilishiriki kuiunda jamii ile ile lililodai kuiakisi.

Mfano mwafaka ni L. Frank Baum, aliyehariri gazeti la Aberdeen Saturday Pioneer, Dakota Kusini, kati ya mwaka 1890 na 1891. Sitting Bull, kiongozi wa Walakota, aliuawa tarehe 15 Desemba 1890. Siku tano baadaye, Baum aliandika akitaka wenyeji wa asili waliosalia waangamizwe. Tarehe 29 Desemba, wanajeshi waliwaua Walakota wasiopungua 150 huko Wounded Knee, wakiwemo wanawake na watoto wengi. Tarehe 3 Januari 1891, Baum aliurudia wito wake. Mwandishi huyu ndiye aliyetunga The Wonderful Wizard of Oz, kitabu cha watoto kilichotolewa mwaka 1900.

Wanaomtetea hutaja hofu iliyotanda miongoni mwa walowezi. Hofu hiyo ilikuwepo, na magazeti yenyewe yaliichochea kwa uvumi wa uasi. Hata hivyo, kueleza chanzo cha kauli si kuihalalisha. Lililo zito zaidi ni kwamba katika tahariri ya Januari, Baum alikiri kuwa wenyeji walikuwa wamedhulumiwa kwa karne nyingi, kisha akaifanya dhuluma hiyo kuwa sababu ya kutenda nyingine. Hakupofushwa na zama zake. Aliiona haki, akaipa kisogo.

Kwa hivyo, mhakiki hapaswi kuuliza tu zama ziliruhusu nini. Aulize pia mwandishi alijua nini. Mwaka 2006, baadhi ya wazao wa Baum waliwaomba radhi Walakota. Radhi hiyo ina thamani yake, lakini maji yakimwagika hayazoleki, na neno lililochapwa huendelea kumshuhudia aliyeliandika.