Dawa Iliyofichika Mchangani

Sifongo si kitu kigeni kwa watu wa pwani. Maji yakipwa huonekana ameganda mwambani, laini, mwenye vitundu vitundu, na apitaye humdhani ni mmea. Kumbe ni mnyama. Hana kichwa, hana moyo wala tumbo. Huvuta maji kwa vitundu vyake vidogo, akachuja chakula kilichomo, kisha akayatoa kwa tundu kubwa. Kukimbia adui hawezi. Wengi wa jinsi yake silaha waliyopewa na Muumba wao ni ukali wa vitu wavitengenezavyo mwilini.

Katika miamba ya matumbawe na maji haba ya Bahari ya Karibi kuna sifongo ambaye wataalamu humwita Tectitethya crypta. Neno hilo la pili maana yake ni kilichofichika, kwani mchanga humfunika hata asitambulike. Mwaka 1945 mtaalamu wa kemia wa Chuo Kikuu cha Yale, Werner Bergmann, alimwokota pwani ya Florida. Yeye na Robert Feeney wakamchambua, na mwaka 1950 na 1951 wakatangaza kuwa wameona ndani yake vitu vifananavyo na vijenzi vya DNA, ila sukari iliyomo ni ya namna nyingine. Wengine wakaifuata njia hiyo. Mwaka 1959 ikatengenezwa California dawa ya sitarabini, na mwaka 1969 Marekani ikaruhusu itibu saratani ya damu. Seli ya saratani huipokea kama kijenzi chake cha kila siku; ikisha kuiingiza, kuzaana kwake hukwama. Ni dawa kali, huumiza na seli nzima, lakini hata leo ni katika dawa kubwa za maradhi hayo.

Sasa na tujitazame. Sote twasema kwamba kila maradhi yana dawa, na twasema kweli. Lakini neno hili tumelifanya mto wa kulalia. Mtoto akipauka, akatokwa na damu ya ufizi, homa isimwache, huzungushwa kwa waganguzi, akavishwa hirizi, akachinjiwa kuku, na miezi ikapita. Je, huku ndiko kumtegemea Mwenyezi Mungu? Aaminiye kweli kwamba dawa ipo huitafuta. Na wale wamepekua hata mchanga wa bahari, ilhali sisi ndio tusomao kila siku amri ya kuzingatia viumbe. Hatusemi haya kwa kuwatukuza, bali kwa kuona haya. Wana wetu huzaliwa kando ya miamba ya Lamu, Malindi na Mombasa. Ni wangapi tuliowasomesha elimu ya bahari?

Pengine mtu atauliza: yafaa dawa iliyotokana na mnyama kama huyu? Vitu vya baharini asili yake ni halali. Na tena dawa hii haikamuliwi katika sifongo, hutengenezwa viwandani. Basi udhuru huo haupo. Mwenye mtoto mwenye dalili tulizozitaja asingoje Ijumaa ipite. Ampeleke hospitali akapimwe damu.