Mwanamke Mwenzake

Agosti 2024 Kamanda wa Polisi wa Mkoa wa Dodoma aliliambia gazeti kwamba binti wa Yombo, yule aliyebakwa na kundi la wanaume huku wakimrekodi, alionekana kama mtu anayejiuza. Jeshi la Polisi likaomba radhi, kamanda akahamishiwa makao makuu. Kamanda huyo ni mwanamke, na kauli niliyoisikia zaidi siku zile, mtandaoni na hata chumba cha habari, ilikuwa moja: "Jamani, mwanamke mwenzake!"

Kauli hiyo inanisumbua mpaka leo. Hivi kamanda mwanaume akitamka maneno yale yale, nani angesema "mwanaume mwenzao" kuhusu wale wabakaji? Tungesema amekosea, basi. Mwanamke akikosea, wanakosea wote. Samaki mmoja akioza wote wameoza, lakini methali hii kwenye vyeo tunawasomea wanawake tu.

Wale wanaotangulia wanaubeba mzigo huu kila siku. Suzan Kaganda alipokuwa Kamanda wa Polisi Kinondoni mwaka 2016, alikuwa anapambana na ujambazi wa jijini kama kamanda yeyote, na baadaye akapanda hadi kuwa Kamishna. Hata hivyo, tangu uhuru nchi hii haijawahi kuwa na IGP mwanamke. Wakiwa wachache hivyo juu, kila mmoja anageuzwa kuwa mtihani wa wenzake.

Lakini kuna upande wa pili, na siwezi kuukwepa. Chukua Ngara na Biharamulo, wilaya za Kagera ninazozijua. Mama anatoka kijijini jirani na mpaka wa Burundi, anafika kituoni na binti yake. Anahitaji PF3 ili maelezo ya daktari yaingie kwenye jalada. Pale kaunta wamejaa watu: mwenye kesi ya mbuzi, dereva wa bodaboda, wapita njia. Anatakiwa aseme mambo ambayo hata mumewe hajamwambia. Hapo askari mwanamke na chumba chenye mlango si mapambo. Ndiyo maana madawati ya jinsia na watoto, yaliyoanza kwa majaribio mwishoni mwa miaka ya 2000, sasa yamezidi 400 nchini, na Mtandao wa Polisi Wanawake umeyapigania sana.

Sasa, je, tumpe mwanamke cheo kwa sababu ana huruma? Mimi nasema hapana. Huruma haiji na jinsia, Dodoma imetuonyesha. Hata pale Ngara, askari wa kike aliyehamishiwa kutoka mbali hajui Kihangaza wala Kishubi. Mama wa kijijini atamweleza aibu yake kwa Kiswahili cha kuungaunga, na mtu atakayemwelewa vizuri zaidi anaweza kuwa koplo wa kiume aliyekulia Rulenge. Tena hoja ya huruma ni mtego: ukimpandisha mwanamke kwa sababu anajua kubembeleza waathirika, utamwacha dawatini milele, na upelelezi wa mauaji utabaki kwa wanaume.

Cheo anakistahili kwa sababu kazi anaiweza. Basi. Haki hiyo haina masharti ya ziada, na ndani yake imo haki ya kukosea kwa jina lake mwenyewe.

Ila cheo kikishapatikana, kinakuja na deni, na deni hilo ni la kila kamanda, mwanamke kwa mwanaume. Mkuu wa polisi wa wilaya ndiye anayeamua kama dawati litakuwa na chumba au litakuwa kona ya kaunta. Kama askari aliyemcheka mlalamikaji ataulizwa au ataachwa. Kwa hiyo binti wa Yombo hakudai mwanamke mwenzake. Alidai kamanda. Na wale waliomtendea walihukumiwa kifungo cha maisha Septemba mwaka ule ule, kwa ushahidi, siyo kwa huruma ya mtu.