Mji upi bora Marekani? Swali letu lina kasoro

Mwaka 2018 mtoto wa dada yangu alipata nafasi ya kuhamia Marekani. Kabla ya kuondoka alinijia na karatasi aliyoipiga mistari. Upande mmoja ameandika New York, Los Angeles, Chicago na Houston. Upande wa pili kodi ya nyumba, usafiri, kazi na hali ya hewa. Akasema: "Mjomba, wewe umeishi huko. Nichagulie."

Tulikaa tukapima. New York ina treni za chini ya ardhi usiku na mchana, huhitaji gari, lakini kodi ya nyumba inakula mshahara. Los Angeles hali ya hewa ni nzuri, ila bila gari utataabika, na maelfu ya watu wanalala kwenye mahema kando ya barabara. Chicago nyumba ni nafuu kuliko New York, lakini baridi yake inaingia mifupani. Houston ni nafuu zaidi, na jimbo la Texas halitozi kodi ya mapato kwenye mshahara. Ni kweli mwaka mmoja kabla, 2017, kimbunga Harvey kiliizamisha sehemu kubwa ya mji ule, lakini hesabu ni hesabu. Nikamwambia: nenda Houston.

Mwezi uliopita alinipigia simu. Mshahara anao, gari analo, msikiti upo. Ijumaa anaswali, anatoa salamu kulia na kushoto, kisha kila mtu anaingia kwenye gari lake. Akaniambia aliugua siku nne na hakuna aliyegonga mlango. Sasa anataka kuhama, na ananiuliza tena: mji gani?

Ndugu msomaji, nilikosa la kumjibu, kwa sababu nina deni langu mwenyewe. Nilipokuwa Chicago, mlango uliotazamana na wangu aliishi mzee mmoja peke yake. Tulipishana kwenye ngazi, tukaitikiana kwa kichwa, basi. Siku moja nikakuta wanamtoa akiwa maiti. Alikuwa amekufa siku kadhaa. Mimi niliyefundishwa haki za jirani tangu chuo cha Qur'an, sikulijua hata jina lake. Je, niulaumu mji wa Chicago? La hasha. Mlango wangu ulikuwa hatua tatu tu kutoka kwake.

Mji huo huo una funzo kubwa kuliko langu. Julai 1995 joto kali liliupiga Chicago, na watu wapatao 739 wakafa zaidi ya idadi ya kawaida. Wengi walikuwa wazee waliokuwa peke yao, milango na madirisha yamefungwa. Mwanasosholojia Eric Klinenberg, katika kitabu chake cha mwaka 2002, alilinganisha mitaa miwili inayopakana, North Lawndale na South Lawndale. Yote miwili ilikuwa na wazee wengi maskini wanaoishi peke yao. Lakini North Lawndale walikufa watu 40 kwa kila 100,000. South Lawndale hawakufika wanne.

Kwa nini? Kwa maelezo yake, North Lawndale viwanda vilikuwa vimeondoka, maduka yamefungwa, nyumba zimebaki magofu, na mzee aliogopa kutoka nje. South Lawndale barabara zilijaa watu na maduka. Mzee alitoka, akaingia dukani akapoa, akaonekana. Na asipoonekana, yupo wa kuuliza.

Hapo ndipo ilipo kasoro ya karatasi yetu. Mji ni ule ule, meya ni yule yule, jua ni lile lile. Uhai na mauti vikatofautiana kwa kuvuka barabara. Sisi tulilinganisha miji, tukasahau mtaa. Tuliuliza mji utanipa nini, hatukuuliza nani atajua kuwa sikuamka leo.

Atasema mtu: ujirani haulipi kodi ya nyumba. Kweli. Na wapo waliokimbilia miji mikubwa kwa kuchoshwa na macho ya majirani. Nao wana hoja. Lakini baina ya kuchunguzwa na kusahauliwa ipo njia ya kati, nayo ni kujuana hali.

Basi jibu langu kwa mjomba wangu ni hili. Usihame mji kabla hujatafuta mtaa ambao watu wanatembea kwa miguu na muuza duka anakujua kwa jina. Ukiukosa Houston, hama. Lakini kabla hujafunga mizigo, gonga mlango unaotazamana na wako. Uliugua siku nne bila mtu kukuuliza; je, wewe unajua jirani yako aliamkaje leo? Mimi swali hilo nilichelewa kujiuliza, na mzee yule hakunisubiri.